Kiti cha Mama

Ödön, ramani nimeitandaza mezani,
pembe moja nimeikandamiza kwa kopo la jamu ya plamu,
nyingine kwa kiwiko changu. Sikiliza.
Tarehe ishirini Agosti haitatungoja tumalize kubishana.

Treni ya saa nne itasheheni watu na maboya yao;
tupande ya saa mbili na dakika kumi,
tukae kulia, dirishani,
ili ziwa likichungulia kati ya matete
Mama aliwahi kabla yetu.
Balaton. Kijani kile cha sabuni ya kufulia
ambacho sijapata kukiona penginepo.

Mimi nitabeba mkate mpya, nimeufunga utepe wa rangi tatu
kama sikukuu inavyotaka,
na soseji, na tikiti maji nusu (zima litatumaliza mikono).
Wewe: viti vitatu vya kukunja, makoti ya mvua,
na yule mwanao anayeziba masikio hata mlango ukibamizwa.
Mnunulie pamba. Usimwambie ajikaze.
Mwambie kelele huja nyuma ya mwanga,
ahesabu moja, mbili, tatu,
ataikuta imeshachoka.

Kuhusu hali ya hewa sina mamlaka.
Kuna zile taa za manjano za tufani, pwani yote:
zikipepesa taratibu, tukae mguu ndani mguu nje;
zikipepesa kama jicho lililoingiwa na vumbi,
basi fataki zitalala masandukuni mwao
nasi tutakula tikiti letu chini ya paa la stesheni.
Nusu shari kuliko shari kamili.

Hadi hapo mpango ulikuwa umekaa sawa.
Jumapili nikampigia simu Mama, nikamsomea
vyote, mpaka choo kilicho karibu,
mpaka njia ya kurudi kabla umati haujafumuka.
Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
Kisha: "Kiti changu kitatazama wapi?"
"Ziwani, Mama. Wapi tena?"
"Kigeuzeni."

Ulikuwa mdogo, huenda hukikumbuki kibanda,
soda ya cheri, chenji iliyolowa.
Miaka ishirini na sita amesimama nyuma ya kaunta ile,
ziwa liko mgongoni mwake.
Hakuwahi kuona fataki hata moja, aliniambia,
bila majuto, kama mtu anayetaja saizi ya viatu vyake.
Aliziona nyusoni.
Wateja walisahau chupa mikononi,
wakawa wa kijani, wakawa wekundu, wakawa wa dhahabu,
kisha giza, kisha wakarudi.
Baba alikuwa katika foleni, wa nne,
mdomo wazi kama kinda,
buluu kuanzia kidevuni hadi kwenye nywele.
"Nikamwambia, bwana, soda yako. Hakunisikia.
Nikamwangalia mpaka akazimika."

Sikujua la kumjibu. Nikamuuliza kama atahitaji mto.

Basi nimeufuta mshale wangu mwekundu.
Hatuendi tena gatini, wanakojipanga wapiga picha.
Kuna mteremko wa nyasi upande wa magharibi;
yeye akae chini, ameyapa maji kisogo,
sisi juu yake, hatua tano hivi,
na halaiki yote nyuma yetu, ikipanda mpaka barabarani.
Watu watamwona kituko. Wamwone.

Vaa shati lolote. Ndevu nyoa.
Na simu, ndugu yangu, iache mfukoni:
Mama hasafiri saa mbili kwa treni
kuja kukuona una rangi ya friji
iliyoachwa wazi.